Ng'ambo ya Ruvuma, kwao kuzuri kuliko kwetu?

(Muziki wa kufungulia, sekunde 10, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: 

Wiki hizi swali moja linarudi kwenye simu na kwenye vikaratasi mnavyotuletea: maisha ya Tanzania na maisha ya Msumbiji, bora yapi? Najua anayeuliza hafanyi mtihani wa jiografia. Anapiga hesabu ya kuvuka.

Basi tuanze na hesabu. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa huzipima nchi kwa mambo matatu: watu wanaishi miaka mingapi, wamesoma kiasi gani na wanapata kiasi gani. Ripoti yake ya Septemba 2022, yenye takwimu za 2021, ilipanga nchi 191. Tanzania ilikuwa ya 160, Msumbiji ya 185. Mtoto anayezaliwa kule alitarajiwa kuishi miaka 66 hivi, wa kwetu 59. Mtu mzima wa kule amekaa darasani wastani wa miaka 6 na ushee, wa kwetu 3 na ushee. Anayesema wenzetu wametutangulia hasemi uongo.

Si kwamba wana akili kutushinda. Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila vita. Sisi tulipigana miaka 10 ndipo tukapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na siku hiyo watu zaidi ya 9 katika kila 10 hawakujua kusoma. Haikupita miaka miwili vita vingine vikaanza, shule na zahanati zikachomwa, hadi Mkataba wa Roma, Oktoba 1992. Kisha Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na Machi 2021 hapa hapa Palma. Mnayajua kuliko mimi.

Sasa sikilizeni vizuri. Ile miaka 66 ni ya Mtanzania. Wewe ukivuka mto hugeuki Mtanzania, unakuwa mkimbizi, na mkimbizi ana hesabu yake. Sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inamtaka akae kambini, na kutoka kambini ni kwa kibali. Kambi zenyewe, kama Nyarugusu, ziko mkoa wa Kigoma, upande wa pili wa nchi. Usifikirie Mtwara, kwa shangazi, penye korosho na samaki. Na mwaka 2021 wengi hata huko hawakufika. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilisema Julai mwaka huo kwamba watu zaidi ya 9,600 waliokimbilia Tanzania tangu Januari walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Wapo miongoni mwenu waliopita njia hiyo na watoto mgongoni.

Inauma zaidi kwa sababu mto huu haujawahi kututenga kama ramani inavyosema. Quionga ilikuwa ya Wajerumani hadi 1916, Wareno walipoichukua. Mpaka ungebaki ulipokuwa, wazee wa Quionga leo wangekuwa raia wa Tanzania. Na miaka ya vita vya uhuru maelfu ya watu wetu walivuka wakapokewa. Frelimo yenyewe ilizaliwa Dar es Salaam, 1962.

Kuna jambo moja Tanzania inatushinda, nami sitalificha: shule ya msingi. Mtoto wa Palma akikaa darasani Mtwara anamwelewa mwalimu siku ya kwanza, maana anafundishwa kwa Kiswahili. Hapa wengi wanaanza na Kireno wasichokisikia nyumbani. Mimi nimemaliza sekondari na bado nikihesabu pesa nahesabu kwa Kiswahili. Lakini mama anayempeleka mtoto kwa ndugu miaka miwili ajue kwamba akimrudisha, Kireno kitakuwa kinamngoja palepale, na wenzake watakuwa wamesonga mbele.

Upande wetu tuna kitu ambacho ripoti haipimi. Hapa umekimbia kijiji, hujakimbia nchi. Wewe ni raia. Una haki ya kupiga kura, ya kwenda Pemba au Nampula bila kuomba kibali cha kambi, ya kudai nafasi ya mtoto shuleni. Ukienda hospitali ya serikali hakuna wa kukuita mgeni. Najua mtaniambia haki hailiwi, na dawa hakuna. Kweli. Ila haki hiyo inaanzia kwenye BI, na wengi wetu BI ziliungua na nyumba.

Kwa hiyo mwenye kupiga hesabu ya kuvuka asiulize nchi ipi tajiri. Aulize: kule nitaingia kwa karatasi gani? Nitaruhusiwa kufanya kazi? Nikirudishwa, nitashushwa wapi, na nani atanipokea? Shangazi wa Mtwara ajibu hayo kabla hujauza godoro.

Kipindi kijacho tutazungumza na afisa wa usajili kuhusu BI zilizopotea: nani anastahili kupewa mpya, na aende na shahidi gani. Leteni maswali kabla ya Alhamisi.

(Muziki wa kufungia.)