Kabla ya kufunga gunia

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za Caritas za parokia na marafiki wanaotusaidia, kuhusu kukusanya vitu kwa ajili ya watoto wenye shida katika Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa



Tumeombwa tuzungumze juu ya ukusanyaji wa vitu kwa ajili ya watoto yatima na wale wanaoishi katika mazingira magumu. Kazi hii mnaifahamu, mnaifanya wakati wa Kwaresima na wakati wa Majilio. Kwa hiyo hatutaeleza kwa nini Mkristo atoe. Tutazungumza juu ya kile kinachotolewa, maana hapo ndipo penye shida, na tutasema wazi.

Magunia yanapofunguliwa tunakuta kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Tunakuta shati zuri lisilo na kifungo hata kimoja, suruali ambayo zipu imekufa, daftari lililoandikwa nusu, begi la shule lisilo na mkanda, sweta lenye harufu ya panya. Vitu vizuri navyo vimo, na waliovileta tunawashukuru sana. Lakini kitu kibovu nacho kina gharama. Kinabebwa, kinalipiwa nauli, kinachambuliwa na mama aliyeacha shamba lake siku nzima, mwishowe kinachomwa moto. Tuseme gunia lina kilo 40 na nusu yake haifai. Hapo tumelipia kilo 20 za takataka kuteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilometa 60, na pengine kuendelea hadi Liuli au Lituhi. Siku hizi lami imefika Mbamba Bay, tunashukuru, ila lami haikuondoa bei ya mafuta. Nauli ile ingenunua madaftari.

Watu wa Mbinga hatuhitaji kufundishwa kuchambua. Tunaijua kazi hiyo kwa kahawa. Mkulima anachuma kahawa mbivu, nyekundu, mbichi anaiacha mtini. Ikifika mtamboni inatiwa majini na zile zinazoelea zinaondolewa. Anajua kwamba punje chache zilizooza zinaharibu kikombe kizima, na bei ikishuka inashuka kwa wanachama wote. Sasa mkulima huyohuyo akiambiwa achangie mtoto, anachagua kinyume: anafungua sanduku na kutafuta kisichotakiwa tena nyumbani. Nabii Malaki aliwakemea watu waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali wao mnyama wa namna hiyo. Swali hilo linatuhusu. Kama mgeni rasmi angekuja parokiani, tungemkabidhi shati lile?

Wapo watakaosema: sisi ni maskini, tunatoa tulichonacho, na hata yule mjane wa Injili alitoa senti mbili tu. Ni kweli, na hatumwambii mtu atoe vingi. Ila tukumbuke kwamba senti mbili za mjane zilikuwa fedha halali. Zingepokelewa sokoni. Zilikuwa kidogo, hazikuwa mbovu. Kipande kimoja cha sabuni ambacho hakijafunguliwa kinatosha, kalamu mbili zinazoandika zinatosha.

Jambo la pili ni mahali anapoishi mtoto. Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, lakini tofauti ya juu na chini ni ya tangu zamani. Juu Umatengoni, kwenye milima ya ngoro, mwezi wa Juni na Julai baridi inauma, na mtoto wa Litembo anayekwenda shule alfajiri bila sweta anakwenda akitetemeka. Chini ziwani joto ni jingine kabisa. Koti zito likipelekwa Mbamba Bay litatandikwa chini au litauzwa, na tusimlaumu aliyeliuza. Mtoto wa kule, ambaye nyumbani kwao wanaishi kwa muhogo na usipa, anahitaji shati jepesi na chandarua kisichotoboka, maana mbu wa ziwani mnawajua. Kwa hiyo sweta moja linaweza kuwa msaada mkubwa au mzigo mtupu, kutegemea gari limepanda au limeteremka. Tunaomba kila kamati iandike kwenye gunia kilichomo, kwa umri na kwa ukubwa. Gunia lililoandikwa “nguo mchanganyiko” linatuchosha sana.

Shuleni ndiko madhara yanakoonekana zaidi. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwaka 2016 ikaiondoa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikisha kidato cha sita. Watu wengine wakadhani basi, shule ni bure kabisa. Lakini sare, viatu na madaftari vimebaki juu ya mzazi au mlezi. Bibi anayelea wajukuu wanne hana ada ya kulipa, ila ana mashati manne ya kutafuta. Msichana wa darasa la sita akipewa sketi inayofungwa kwa pini, wenzake wataiona kabla mwalimu hajaita mahudhurio. Siku ya kwanza atavumilia. Siku ya tatu atabaki nyumbani akisema anaumwa tumbo. Sisi tumeandika kwenye taarifa kwamba mtoto huyu “amesaidiwa”, naye yuko jikoni kwa bibi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja mavazi kuwa haki ya mtoto, pamoja na chakula, malazi, matibabu na elimu. Nguo inayomfanya aikimbie elimu inaipinga haki nyingine.

Ndiyo maana tunapendekeza sare zishonwe hapahapa. Mafundi wapo Mbinga mjini, wapo Mbamba Bay, na vijana waliomaliza mafunzo ya ushonaji wanatafuta kazi. Katika Matendo ya Mitume, Tabitha alipofariki wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hakuwagawia yaliyobaki nyumbani kwake, aliketi akashona. Kitambaa cheupe na cha bluu kinauzwa madukani, mtoto anapimwa, sare inamkaa. Anayetaka kutoa fedha badala ya nguo asione kwamba ametoa kitu kisicho na sura. Mara nyingi ndicho kinachofika kikiwa kizima.

Hapo tunawageukia marafiki wetu wa ng'ambo kwa heshima yote. Kontena likishuka bandarini Dar es Salaam lina karatasi za kushughulikia, lina gharama za bandari, kisha lina safari ya zaidi ya kilometa 1,000 hadi Mbinga. Likiwa na vitanda vya hospitali vilivyo imara, safari hiyo ina maana. Likiwa na nguo ambazo hata mtumba wa sokoni ni bora kuliko hizo, haina maana. Nguo za ndani zilizotumika msilete kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku kuziingiza na kuziuza, na sababu ni ya afya. Wasichana wanahitaji mpya, pamoja na taulo za kike, na vitu hivyo vinapatikana hapa nchini. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyeshea pia msitume kwa kugawa ovyo. Mahali ambapo maji si salama, chupa inamletea mtoto mchanga kuhara. Vitabu vya hadithi tunavipokea kwa furaha, lakini vya kiada ulizeni kwanza, kwa sababu mtaala mpya ulianza kutumika mwaka 2024.

Kwa upande wa dawa, kazi ya kufikiri imekwisha kufanywa. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine yalitoa miongozo ya misaada ya dawa. Humo wanasema pasiwe na vipimo viwili vya ubora: dawa isiyokubalika kwa ubora katika nchi ya mtoaji isitumwe kama msaada. Wanasema tena kwamba dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa ikarudishwa isitumwe, na kwamba inapowasili iwe imebakiza angalau mwaka mmoja wa kutumika. Sisi tunaomba kanuni hiyo ya kipimo kimoja itumike pia kwa viatu.

Lakini kukataa ni kazi ngumu. Kwetu zawadi haikataliwi, na mjumbe wa kamati hataki kumwaibisha jirani yake aliyebeba fuko kutoka kilimani. Kwa hiyo gunia linafungwa hivyohivyo na aibu inahamia kwa mtoto asiyemjua mtu. Tunashauri vitu visipokelewe kwa kurundikwa nyuma ya kanisa. Vipokelewe kwenye jumuiya ndogondogo, juu ya meza, mtoaji akiwepo. Kila nguo ikunjuliwe mbele yake. Kisichofaa arudishiwe palepale kwa maneno mazuri: “Mama, hiki kitakufaa kwa kudekia, mtoto tutamtafutia kingine.” Kinachohitaji kifungo kishonwe hapohapo, kinachohitaji kufuliwa kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kufika parokiani. Viatu vifungwe pamoja kwa kamba. Kamati mbili au tatu zitakapoanza, nyingine zitaona kwamba hakuna aliyekasirika kwa muda mrefu.

Tuongeze neno dogo kuhusu kugawa. Si lazima mtoto aitwe mbele ya altare, atajwe kuwa yatima, apigwe picha ameshika kandambili. Wafadhili wengine wanaomba picha, tunaelewa, wanataka uhakika. Orodha iliyosainiwa na mlezi na mwenyekiti wa jumuiya inatosha kuwa uhakika.

Kuhusu muda: fedha za kahawa zikishalipwa, watu wana uwezo kuliko miezi ya njaa, basi mchango utangazwe hapo, tusingoje Desemba. Majina ya watoto, umri, shule na vipimo vyao vitufikie kabla ya mwisho wa Oktoba. Parokia za ziwani zilete mapema zaidi, kwa sababu mvua zikianza njia za vumbi zinaharibika. Mafundi watapata Novemba na Desemba kushona, na shule zikifunguliwa Januari sare ziwe zimekwisha kufika. Fomu za vipimo ziko mezani hapo nje, kila kamati ichukue mbili.