Oksijeni Tunayovuta Huishia Wapi? Mada kwa Walimu wa Biolojia wa Sekondari

Walimu wenzangu, mwulizeni mwanafunzi wa kidato cha nne oksijeni anayovuta huishia wapi. Wengi watajibu kwamba hugeuka kabonidayoksaidi. Si kweli, na kosa hilo linazaliwa ubaoni, kwenye mlinganyo wetu wa upumuaji wa seli. Mlinganyo wenyewe ni sahihi, ila umeficha njia.

Tuifuate njia hiyo. Nje ya mitokondria, glukosi hukatwa vipande viwili vya pairuveti, na seli hupata ATP mbili bila kuhitaji oksijeni. Pairuveti huingia mitokondria na kubomolewa, sehemu kubwa katika mzunguko ambao Hans Krebs aliutangaza mwaka 1937 (jarida la Nature lilishamrudishia makala yake). Kabonidayoksaidi yote hutoka hapa. Oksijeni iliyomo ndani yake ni ya glukosi yenyewe na ya maji, wala haikupita mapafuni.

Nishati bado imebaki kwenye elektroni. Hizi hupokezanwa na protini za utando wa ndani, na kila zinapopita, protoni husukumwa upande wa pili. Protoni zikirudi hupitia kimeng'enya kinachozunguka kama mtambo wa bwawa la Kidatu, na ATP hutengenezwa. Peter Mitchell alipolieleza wazo hili mwaka 1961 wengi walilitilia shaka. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel. Oksijeni husubiri mwisho kabisa wa msururu: hupokea elektroni zilizochoka, huungana na protoni, huwa maji. (Zile ATP 36 au 38 za vitabuni zina ukarimu mno; hesabu za sasa ni kama 30 hadi 32.)

Mfano ninaoupenda kwa somo hili ni muhogo mchungu. Usipolowekwa au kuvundikwa ipasavyo hubaki na kemikali zinazotoa sayanidi, na sayanidi hung'ang'ania kimeng'enya cha mwisho wa msururu, kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Mtu aliyepata sumu nyingi anaweza kuwa na damu iliyojaa oksijeni, hata ile ya kwenye vena ikawa nyekundu ang'avu, huku seli zake zikikosa nishati. Elektroni hazina pa kwenda, msururu mzima unakwama, na mzunguko wa Krebs nao unasimama. Wilayani Tarime, mwaka 1985, ukame uliwaacha watu wakitegemea muhogo ulioandaliwa kwa haraka, na ugonjwa wa konzo ukapooza miguu ya watu. Wanafunzi wa Kanda ya Ziwa wanaojua udaga (muhogo uliovundikwa) hawahitaji kuelezwa kwa nini bibi zao hawakuwa na haraka.

Kwa maabara isiyo na vifaa, napendekeza hamira. Weka maji ya uvuguvugu, sukari na hamira kwenye chupa, yajae karibu na mdomo, kisha funga puto juu. Puto litavimba ingawa hewa ndani ni kidogo mno. Waulize wanafunzi kabonidayoksaidi iliyolivimbisha imetoka wapi, na usiwajibu mpaka wabishane.