Kumkumbuka Mwenzetu wa Shule
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliokutana Nandagala)

 Mmeniita niseme maneno machache juu ya ndugu yetu aliyetutangulia mbele ya haki, kwa kuwa katika ninyi nyote ni mimi peke yangu niliyesoma naye darasa moja. Nashukuru kwa heshima hiyo. Walakini nawaomba mnivumilie, maana sikuja kumsifu tu. Nimekuja pia kukiri kosa langu, ili ninyi msije mkalifanya.

Jina lake sitalitamka. Maneno haya yatapigwa chapa katika gazeti letu na kusomwa mbali, na mjane wake ameniomba jina libaki nyumbani. Ninyi mliopo mnamjua, nalo latosha.

Tulitoka hapa Nandagala mwezi wa Januari mwaka 1971, vijana wawili wenye masanduku ya bati, kwenda kuanza masomo ya sekondari huko Ndanda. Mnaijua Ndanda, mahali ambapo mapadre wa Kibenedikto walijenga misheni mwaka 1906, siku za vita vya Majimaji, chini ya miteremko ya uwanda wa Makonde. Siku zile safari yetu ilikuwa nusu kwa lori na nusu kwa miguu. Tulipofika mto Lukuledi tuliukuta umejaa. Mimi niliogopa. Yeye alivuka kwanza na sanduku lake kichwani, akaliweka ng'ambo, akarudi akachukua na la kwangu. Nikamwuliza, "Mbona hukuniita nivuke nawe?" Akajibu, "Kwanza nilitaka kujua kina chake." Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake hata mwisho: kupima kwanza, kisha kuwavusha wenziwe.

Darasani hakuwa wa kwanza, wala hakuwa wa mwisho. Lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa sisi sote, na wanafunzi waliotaka kuwaandikia wazazi wao barua walimwendea yeye. Hakutoza kitu. Alipomaliza masomo akaajiriwa katika masjala ya Serikali, Nachingwea, na baadaye Ruangwa. Alifanya kazi hiyo miaka arobaini. Ninyi mliofanya kazi naye ni mashahidi kwamba faili haikupotea mikononi mwake. Mtu akitaka barua ya miaka kumi iliyopita, alifunga macho kidogo kama mwenye kusali, akataja rafu, kisha akainuka kwenda kuileta.

Tena, alipostaafu hakupumzika. Chini ya mwembe wa nyumba yake palikuwa na meza, na watu walikuja na shida zao: huyu hana cheti cha kuzaliwa cha mtoto, huyu amepunjwa malipo ya ufuta, huyu mumewe amekufa na hajui aanzie wapi. Wote aliwaandikia.

Ndugu zangu, tarehe 29 Julai mwaka 2020 wengi wetu tuliyafuata mazishi ya Bwana Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais wa Jamhuri tangu mwaka 1995 hata 2005. Alizikwa kwao Lupaso, katika wilaya ya Masasi. Yeye pia alisoma Ndanda, miaka mingi kabla yetu, na alipotoka Makerere mwaka 1962 alianza kazi katika ofisi ya Serikali, Dodoma, kama mtumishi mwingine yeyote. Taifa zima lilimlilia, nayo ilikuwa haki yake. Lakini karani hana magazeti ya kumlilia. Karani ana watu aliowaandikia barua, nao wengi hawajui kuandika; na ana wenziwe wa shule, ikiwa wangali hai. Kwa hiyo kumkumbuka ni deni letu sisi.

Na sasa kosa langu. Mwaka ule wa mwisho wake, kabla ya msimu wa korosho, alinijia nyumbani jioni. Tulikula mihogo, tukazungumza. Alipotaka kuondoka akasema, "Mwenzangu, nataka uje kwangu siku moja na kalamu. Nimewaandikia watu wote mambo yao, ya kwangu sijaandika. Nataka mtu asiye wa ukoo wangu awe shahidi." Nikamwambia, "Vyema, ngoja tumalize korosho." Hakunikumbusha tena, maana hakuwa mtu wa kusumbua. Korosho za mwisho zilikuwa bado zinaanikwa nilipoletewa habari kwamba amefariki usiku.

Baada ya matanga tulifungua sanduku lake, lile lile la bati. Tulikuta nakala za barua zote alizowaandikia watu, zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Zake mwenyewe hazikuwamo. Wosia hakuna. Tulipokwenda kuuliza habari za fedha zake, katika ofisi moja nisiyoitaja, tuliambiwa kwamba jina aliloandika la mtu wa kupokea haki zake ni la mama yake mzazi. Aliliandika siku alipoajiriwa, akiwa kijana asiye na mke, na hakulibadili. Mama huyo alikwisha kufa zamani. Wazee husema kinyozi hajinyoi. Mimi nimeliona neno hilo kwa macho yangu.

Mjane alikwenda katika ofisi ile mara saba. Mara hii hukosekana cheti cha kifo, mara ile muhtasari wa kikao cha ukoo, mara nyingine yule mwenye faili yuko safarini. Na jambo lililo zito zaidi lilikuwa la mikorosho. Mnajua kwamba kwa desturi ya kale ya Wamwera urithi hufuata upande wa mama, na mpwa ana neno katika mali ya mjomba. Mpwa wake akaja, akasema mjomba alimwahidi shamba la juu. Mjane akasema mikorosho ile aliipanda yeye kwa mikono yake, pamoja na watoto. Msidhani kwamba mmoja wao ni mwongo. Mpwa yule alilipiwa karo na marehemu, akamwuguza mjomba wake kwa mapenzi. Naye mjane namwamini. Kila mmoja alisema alilolijua, na mtu ambaye neno lake lingewapatanisha alikuwa kaburini.

Shauri likafika Mahakama ya Mwanzo. Mjane akafanywa msimamizi wa mirathi, na shamba likagawanywa. Lakini watu wale wawili waliokuwa wakila sahani moja hawasalimiani tena. Ningalikwenda jioni moja tu na kalamu, labda wangalikuwa wanasalimiana hata leo.

Basi, wenzangu, mimi siwezi kumlipa marehemu. Naweza kuwaambia ninyi mambo manne. La kwanza: nendeni mkayaangalie majina mliyoyaandika katika karatasi zenu za kazi, za mfuko wa pensheni, na za benki, ikiwa yumo aliyekufa, au hayumo mliyemwoa baadaye, mrekebishe. La pili: andikeni wosia mngali na afya, mbele ya mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, na mtu mmoja mwaminifu ajue mahali ulipo. La tatu: semeni waziwazi mbele ya wake, waume, watoto na wapwa, shamba lipi ni la nani, ili asiwepo wa kushangaa baadaye. La nne: mwenzenu akiwaita mje na kalamu, nendeni jioni ile ile. Msiseme "ngoja tumalize korosho".

Mwaka 1922, Martin Kayamba alipoanzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, makarani wa siku zile walikuwa wachache, nao walijua kwamba mtumishi aliye peke yake hana wa kumshika mkono. Chama chetu nacho kiwe hivyo. Naomba, Bwana Mwenyekiti, ikiwapendeza wanachama, tuweke siku moja kila mwaka, kabla ya msimu wa korosho, tukae chini ya mwembe ule ule wa ndugu yetu, kila mtu na karatasi zake, tusaidiane kuziweka sawa. Mjane amekubali, na meza bado ipo.

Alinivukia sanduku langu mtoni, nami sikumvukia lake. Mwenyezi Mungu amrehemu, awape subira mjane na watoto, na awapatanishe na mpwa wao.