Tafuta kwa Jina la Mwandishi

Msikilizaji, mwanafunzi anayetafuta fantasia na hadithi za kisayansi za Kiswahili huweza kutoka maktaba mikono mitupu. Vitabu vipo. Mara nyingi vimewekwa pamoja na riwaya nyingine, bila alama yoyote.

Basi tafuta kwa jina la mwandishi.

Shaaban Robert aliijenga Kusadikika, nchi iliyo angani. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, anamtia mhusika wake Dzombo kwenye chombo kinachorushwa angani ili afe humo. Dzombo anafaulu kukiongoza, anatua katika nchi yenye maisha tofauti kabisa. Hiyo ni safari ya anga hasa, nayo inastahili kusomwa hivyo! Wapo pia Euphrase Kezilahabi na Nagona yake, na Said Ahmed Mohamed na Babu Alipofufuka.

Ukishapata kitabu, tafuta uhakiki. Jarida la Swahili Forum husomwa bure kwenye intaneti, na limechapisha makala nyingi za fasihi ya Kiswahili. Huko nako, anza na jina la mwandishi, kisha jina la kitabu.

Chukua kalamu, msikilizaji. Andika: Shaaban Robert, Mkangi, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed. Kesho mpelekee mkutubi karatasi hiyo.