Penseli Haidai Ada

Wako watu huko Marekani na kwingineko ambao huketi mezani saa nne, tano, wakicheza mchezo usio na mpira wala karata. Unaitwa Dungeons & Dragons, na ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja huwa msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: huyu mpiganaji wa upanga, yule mchawi, mwingine mwizi. Mhusika ana sifa sita, zikiwemo nguvu, akili na hekima. Hapo awali kila sifa ilipatikana kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha. Aliyepata 18 alishangilia, aliyepata 3 alijikaza. Yote yaliandikwa kwa penseli.

Vitabu vya kanuni vilipozidi kuwa vingi, kompyuta iliitwa isaidie. Programu ya kuunda mhusika hukuuliza unataka mtu wa namna gani, kisha hupiga hesabu yenyewe na kukukatalia usichostahili. Kazi ya jioni nzima huisha kwa dakika chache, na mgeni asiyejua kanuni hucheza siku hiyo hiyo. Hilo ni jambo jema.

Lakini je, mhusika huyo ni mali ya nani?

Kampuni ya Wizards of the Coast, yenye mchezo huo tangu 1997, iliwahi kutoa programu ya toleo la nne ambayo mchezaji aliiweka ndani ya kompyuta yake. Mwaka 2010 ikaletwa nyingine ya kwenye intaneti. Asiyelipa ada haingii. Mwanzoni mwa 2020 nayo ilikuwa imekwisha kufungwa.

Kisha mwaka 2022 kampuni mama, Hasbro, ikainunua huduma ya D&D Beyond kwa dola milioni 146.3. Agosti 2024, kanuni mpya zikiwa njiani, wachezaji wakatangaziwa kwamba uchawi na vifaa vya kale katika karatasi za wahusika wao vitageuzwa viwe vipya. Ni vitu walivyokwisha kuvilipia! Walipiga kelele, na baada ya siku chache kampuni ikarudi nyuma.

Walishinda, ndiyo. Lakini walishinda kwa kuomba, kwa sababu kabati ni la mwingine na ufunguo anao yeye. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mhusika aliyelelewa miaka kumi anaweza kubadilishwa jina la upanga wake usiku, mwenyewe amelala.

Sisemi watu waitupe programu. Wajumlishiwe, wapunguziwe kazi, kisha wachape karatasi na kuiweka mtungini. Nawe usiyecheza, mwenye picha za harusi na hesabu za duka ndani ya kompyuta ya mtu usiyemjua, jiulize nakala yako iko wapi.