Gari la Maji: Jambo la Kuomba Kabla ya Kutoa Pesa



Bei ya petroli ikipanda, hazikosekani habari za mtu aliyeunda injini inayotumia maji. Video husambaa kwenye simu, gari linaonekana likinguruma, na mwisho wake huwa ni ombi la pesa: nunua kifaa, nunua hisa, lipia uwakala. Kabla ya chama kutoa akiba yake, ni vyema kikamjua Stanley Meyer.

Meyer alikuwa Mmarekani wa Grove City, jimbo la Ohio. Alidai kifaa chake, alichokiita seli ya fueli ya maji, kilipasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa umeme mdogo mno, na kwamba gari lake lingetoka Los Angeles hadi New York kwa takribani lita 83 za maji. Alikuwa na hataza za Marekani, yaani hati za kulinda uvumbuzi, na wengi wakazichukua kuwa ushahidi. Hataza humlinda mwenye wazo. Haithibitishi kwamba gari litatembea.

Watu wawili waliomlipa ili wawe mawakala walimshtaki. Siku ya mtaalamu kulikagua gari, Meyer alitoa visingizio. Kifaa chenyewe kilipochunguzwa na wataalamu watatu, hawakuona jipya: kilipasua maji kwa umeme kwa njia ya kawaida, ile ile inayofundishwa shule ya upili. Mwaka wa 1996 mahakama ya Ohio iliamua kwamba ulikuwa ulaghai mkubwa, ikamwamuru awarudishie dola 25,000. Alifariki mwaka wa 1998. Wapo wanaosema hadi leo kwamba aliuawa ili siri izikwe, ingawa uchunguzi wa maiti ulionyesha mshipa wa damu ulipasuka ubongoni. Siri gani, lakini? Hataza zake ziko wazi kwa yeyote kuzisoma.

Tatizo si ujuzi wa fundi. Haidrojeni ikiungua hutoa joto, na kinachobaki ni maji. Maji basi ni kama jivu la haidrojeni, moto wake ulishatoka. Hakuna mama anayechakura jivu la jana akitafuta moto wa kupikia ugali. Kulirudisha jivu liwe kuni kungedai nguvu zote zilizotoka, na nyingine juu yake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kilo 1 ya haidrojeni huhitaji lita 9 za maji na, kwa mitambo ya sasa, uniti 50 hivi za stima. Kilo hiyo ikipitishwa kwenye seli ya fueli ya kweli hurudisha kati ya uniti 15 na 20. Anayesema ametia 50 akavuna 60 amepata stima isiyo na chanzo. Mwenye mali ya namna hiyo ana haja gani na hisa za kikundi cha wakulima?

Maana seli za fueli za kweli zipo, na hapo ndipo watu huchanganywa. Vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilizitumia, na wanaanga wakanywa maji yaliyotoka humo. Toyota Mirai hutembea kwa njia hiyo. Lakini vyote hujazwa haidrojeni, na maji ni mabaki yake. Kenya nayo ilizindua mkakati wake wa haidrojeni mwaka wa 2023, na nguvu yake itatoka kwa mvuke wa ardhini, jua na upepo, si kwa maji.

Vile vichupa vinavyofungwa kando ya injini kwa madai ya kupunguza petroli ni hadithi ile ile. Stima yake hutoka kwa betri, betri huchajiwa na alternata, alternata huzungushwa na injini, na injini hunywa petroli. Tena gesi hiyo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Si ya kuwekwa chini ya kiti cha matatu.

Mwenye kifaa akija kwenu, mwombeni akitenganishe na betri na kila waya, kisha kiwashe balbu kwa siku kadhaa, fundi mliyemchagua nyinyi akikilinda. Akisema lazima betri ya kuanzia, aanze nayo, halafu aiondoe mbele yenu.