Kingamwili na Vinasaba katika Kisukari cha Aina ya Kwanza: Hoja ya Kupimia Isiolo

Maelezo ya kisukari cha aina ya kwanza tuliyofundishwa wote ni mafupi: kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe, inazishambulia seli za beta zilizo kwenye kongosho, insulini inakauka, na mtoto anaanza kukojoa usiku kucha, kunywa maji asikate kiu na kukonda. Ushahidi wa maelezo hayo ulipata nguvu London mwaka 1974, Gian Franco Bottazzo na wenzake walipoonyesha kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa ina kingamwili zinazonasa kwenye seli za kongosho. Baadaye shabaha za kingamwili hizo zilijulikana moja moja: insulini yenyewe, kimeng'enya cha GAD, protini ya IA-2 na, mwaka 2007, protini ya ZnT8 inayobeba madini ya zinki. Mwaka 2013 Anette Ziegler na wenzake walijumlisha takwimu za watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi Colorado, Ufini na Ujerumani. Miongoni mwa waliokuwa na kingamwili mbili au zaidi, takriban asilimia 70 waliugua ndani ya miaka 10. Kwa waliokuwa na moja tu, hawakufika asilimia 15. Ni vipimo vichache katika tiba vinavyotabiri kwa nguvu hiyo. Kwa upande wa urithi, sehemu kubwa ya hatari imo katika vinasaba vya HLA vilivyo kwenye kromosomu ya 6, hasa makundi yanayoitwa DR3 na DR4. Sina ugomvi na matokeo hayo. Hoja yangu ni kwamba viashiria hivi vina nguvu pale vilipopimwa, na kabla ya kuvipima kwa watoto wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hatuwezi kuvitumia kuamua nani ana ugonjwa gani, wala hatuwezi kuvitupa kwa sababu tu vimeyumba kwingineko Afrika.

Kuyumba kwenyewe si jambo la kukisia. Mwaka 2025 jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilichapisha utafiti unaojulikana kama YODA, uliofanywa Kamerun, Uganda na Afrika Kusini kwa watu 894 ambao kisukari chao kilianza kabla ya umri wa miaka 30 na waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza. Asilimia 65 hivi hawakuwa na kingamwili zilizopimwa, na vinasaba vyao pia havikuonyesha ile hatari ya kawaida ya ugonjwa huu. Hata hivyo hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili: upungufu wao wa insulini ulikuwa wa kweli. Watafiti walipolinganisha na takwimu za Marekani, walikuta hali kama hiyo kwa takriban asilimia 15 ya vijana weusi walioandikwa kuwa na aina ya kwanza. Kwa vijana weupe hawakuiona. Mtu anaweza kuuliza, na ni swali zuri, kama kingamwili hizo zilikuwapo mwanzoni kisha zikafifia kadiri miaka ilivyopita. Ni kweli kwamba hufifia, na nyingine hufifia upesi kuliko za GAD. Lakini vinasaba havififii. Mtu anazaliwa navyo na kuzikwa navyo, na kwa hiyo pale vinasaba na kingamwili vinapokosekana pamoja, hoja ya kufifia peke yake haitoshi. Kinachobaki ni kukubali kwamba chini ya jina moja tumeweka magonjwa zaidi ya moja.

Hapo ndipo hatari nyingine inapoingia, na kwangu ndiyo kubwa zaidi: kuchukua jibu la Entebbe au Yaoundé na kulibandika kaskazini mwa Kenya kana kwamba Afrika ni ukoo mmoja. Watoto wa Kisomali wenye kisukari cha aina ya kwanza wanaoishi Minnesota walipochunguzwa na Muna Sunni na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, kilichotawala kwao kilikuwa DR3, yaani kile kile kinachojulikana sana Ulaya. Matokeo haya yanaelekea upande tofauti kabisa na ya YODA. Na ndani ya herufi hizo chache mna mitego. Utafiti wa Janelle Noble kwa Wamarekani weusi, wa mwaka 2013, ulionyesha kwamba aina moja ya DR3 huongeza hatari ilhali nyingine, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, hukinga. DR7, ambayo kwa Wazungu huhesabiwa kuwa kinga, ina umbo la Kiafrika linaloongeza hatari. Alama ya hatari iliyokokotolewa kwa damu ya Wazungu inaweza basi kumpa mtoto wa hapa pointi kwa kile kinachomlinda, na kumnyima pointi kwa kile kinachomdhuru. Ndiyo sababu mwaka 2019 ilitolewa alama maalumu ya watu wenye asili ya Afrika, yenye vipande saba tu vya vinasaba. Lakini nayo ilitengenezwa kwa damu ya Wamarekani weusi, ambao wengi wao asili yao ni Afrika ya Magharibi na Kati.

Sasa itazameni Isiolo. Waborana wako Merti, Garbatulla na Kinna. Waturkana wako Ngaremara, Wasamburu Oldonyiro, Wameru wako mjini na pembezoni mwake, na mjini huo huo wako Wasomali ambao mababu zao wa koo za Isaaq na Harti waliletwa hapa wakiwa askari waliostaafu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hao tusiwachukulie kuwa sawa na Wasomali wa Minnesota, ambao wengi wao walipitia kambi za wakimbizi baada ya 1991. Wala tusidhani kwamba kwa kuwa Kiborana na Kisomali ni lugha za jamii moja, basi damu nazo zimegawana HLA zile zile. Huenda ni hivyo, huenda sivyo. Ni kaunti chache za Kenya ambazo zinaweza kujibu swali hili ndani ya wodi moja ya watoto, na sioni sababu ya kulisubiri jibu kutoka mbali.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenzetu wa wodini, na halihusu sayansi. Atasema: mtoto akija na sukari imepanda kupita kipimo cha mashine, anapumua kwa nguvu na kutapika, anachohitaji ni maji ya mshipa na insulini, si kingamwili, na wakati mwingine amekwisha kutibiwa malaria au homa ya matumbo kabla mtu hajakumbuka kumpima sukari. Nakubali kila neno. Kipimo cha sukari cha kidoleni katika zahanati ya mbali kitaokoa watoto wengi kuliko maabara yoyote ya vinasaba, na kama fedha zinatosha kimoja tu, zinunue hicho. Lakini pingamizi hili linanisaidia mimi pia, kwa sababu linathibitisha kwamba insulini haipaswi kungoja majibu ya maabara. Hofu yangu ni kinyume chake: kwamba habari za YODA zitafika vibaya, na mtoto asiye na kingamwili aambiwe si wa aina ya kwanza, ahamishiwe vidonge, arudi na ketoasidosisi. Hata mwongozo wa pamoja wa wataalamu wa Marekani na Ulaya wa mwaka 2021, uliohusu watu wazima, unasema kukosa kingamwili hakuuondoi ugonjwa.

Ukame unalitatiza jambo hili zaidi. Kisukari kinachohusishwa na utapiamlo kilielezwa Jamaika mwaka 1955, Shirika la Afya Duniani likakiingiza katika uainishaji wake mwaka 1985, likakiondoa mwaka 1999, na mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakirudisha kwa jina la aina ya tano. Ugonjwa uliofutwa na kuandikwa upya namna hiyo hauthibitishwi kwa kumtazama mtoto mwembamba. Katika kaunti iliyotoka kwenye ukame wa 2020 hadi 2023, wembamba unaweza kuwa chanzo cha kisukari, unaweza kuwa matokeo yake, na unaweza kuwa njaa tu. Bila kingamwili na kipimo cha C-peptidi, kinachoonyesha insulini ambayo mwili bado unatengeneza, tutakuwa tunabahatisha.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila mtoto au kijana anayegunduliwa upya katika hospitali ya rufaa atolewe damu kidogo ya ziada mwanzoni, kabla kingamwili hazijafifia, ihifadhiwe kwenye friza na ipimwe kwa mkupuo. C-peptidi irudiwe miaka mitatu baadaye, ambapo tafsiri yake huwa wazi zaidi. Sipendekezi kupima watoto wachanga wala ndugu wazima wa wagonjwa. Dawa ya teplizumab, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2022, huchelewesha ugonjwa kwa takriban miaka miwili kwa walio na kingamwili na ambao sukari yao imeanza kuyumba, lakini kumwambia mama wa Merti kwamba mwanawe ataugua, huku hatuna hata hiyo dawa, ni kumpa mzigo bila pa kuutua. Wengine watauliza kama matokeo ya vinasaba hayatageuzwa kuwa lawama kwa kabila fulani. Yanaweza, na kwa sababu hiyo takwimu zisitangazwe kwa jina la jamii kabla wazee na wazazi wa jamii hiyo hawajaelezwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa, lakini ridhaa ya karatasi ya Kiingereza iliyotiwa kidole gumba usiku wa dharura si ridhaa. Fomu isomwe kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kisamburu mtoto akishatulia, iseme damu itakwenda wapi na nani atarudisha majibu, na iseme waziwazi kwamba anayekataa utafiti ataendelea kupewa insulini yake kama kawaida.